Kulala Chumba Kimoja na Baba Mdogo

Kituo cha Zimamoto,
Kisii, Kenya.
Jumapili, 14 Oktoba 1973

Mpendwa ndugu yangu Ombati, na wewe shemeji Mwantumu,

Pokeeni salamu nyingi kutoka huku milimani, ambako mvua imerudi na kila mtu anatembea na matope hadi magotini. Natumaini barua hii itawakuta wazima nyote wawili, na kwamba ile homa iliyokuwa ikimsumbua shemeji wakati wa Pasaka imekwisha kabisa. Kazi ya reli inaendeleaje? Joto la Tanga bado linakunyima usingizi? Sisi huku hatujambo. Baba yangu hajambo. Mama hajambo pia, ila goti lake bado linamwambia habari za mvua kabla mawingu hayajaonekana. Ndizi zimezaa sana mwaka huu. Ile migomba uliyoipanda nyuma ya boma kabla hujaondoka imekuwa msitu, na watu wakila wanakutaja.

Sasa neno kubwa, kabla hujaanza kulitafuta mwenyewe katikati ya mistari. Baba yako yu hai. Lisome hilo mara mbili ndipo uendelee. Ameumia, yuko hospitali, lakini yu hai, anakula na anazungumza. Mengine nitakueleza kwa mpangilio kama nitaweza, maana barua hii nimeianza tangu asubuhi na kila mara naiacha. Nainuka, nalizunguka gari, nashika kitambaa kana kwamba ninafuta vumbi, kisha narudi kukaa.

Utashangaa kuona naandika Kiswahili badala ya Ekegusii. Nataka shemeji aisome mwenyewe kwa macho yake, asitegemee wewe umsimulie unachotaka. Nakujua, ndugu yangu. Na baba yako mwenyewe ndiye aliyetaka habari hizi ziwafikie nyote wawili.

Mambo yalianza na mvua ya mawe ya mwezi wa Mei. Upande wa Nyamira iliwapiga vibaya sana. Majani ya chai yalipukutika vikabaki vijiti, na upepo uliokuja nayo uling'oa paa la nyumba ya kikosi cha zimamoto, kile ambacho baba yako ndiye kiongozi wake tangu kilipoanzishwa. Mabati yalipatikana kwenye mto. Basi wakubwa wakaamua kwamba mpaka paa litengenezwe, kikosi cha Nyamira kije na gari lake kikae nasi hapa Kisii. Wao wangeendelea kuhudumia upande wao, sisi upande wetu, ila tungelala na kula nyumba moja.

Nyumba yetu hujaiona. Chini ni banda la magari, na nyuma yake jiko, bafu na stoo ya mipira ya maji. Juu ni chumba kimoja kirefu cha kulala, vitanda pande zote mbili, na ngazi moja tu ya mbao inayoshuka hadi kwenye gari. Hakuna pazia, hakuna ukuta. Buti zetu hukaa chini ya ngazi, suruali ya kazi ikiwa imekwisha kuvalishwa juu yake, ili kengele ikilia mtu ashuke na nguo ya ndani tu, atumbukize miguu, avute suruali juu na kurukia gari. Wazimamoto hawana siri ya mwili. Ninajua mgongo wa kila mtu wa kikosi changu, nani ana kovu la ng'ombe na nani ana alama za tetekuwanga.

Walipofika tulivisogeza vitanda vyetu upande wa dirishani, wao wakapata upande wa ukuta. Ugomvi ulianza siku ile ile, lakini ulikuwa ugomvi wa kawaida wa watu wanaobanana. Sisi wa mjini wengi ni Wasabato, tunapika Ijumaa cha kula Jumamosi. Wao wengi ni Wakatoliki, na Jumamosi ndiyo siku yao ya kuchemsha nyama. Fikiria umekaa juu na ugali wako baridi huku harufu ile inapanda ngazi. Wao wakalalamika kwamba kwa dini yetu hatuweki hata majani ya chai ndani ya nyumba, na chai imejaa kila kilima. Jiko ni moja, masufuria yakawa ya huku na ya kule, na mtu akishika mwiko usio wake anasikia maneno. Halafu ile kengele. Ikigongwa mara moja ni ya mji, mara mbili ni ya Nyamira, lakini nani analala akingoja kusikia kama itagongwa tena? Sote tunashtuka, nusu yetu wanakwenda, na nusu wanabaki wameketi vitandani wakitazamana.

Hayo yote ningeyavumilia, na hata kuyacheka. Sikuyacheka kwa sababu ya mtu aliyeshuka wa mwisho kutoka gari la Nyamira siku ile, na sanduku lake la bati begani. Nilikuwa nimesimama mlangoni kuwapokea. Tulitazamana, mimi na baba yako, na naapa kwamba sote wawili tulikuwa na wazo moja, kwamba haiwezekani.

Shemeji, huenda mume wako hakukueleza jambo hili. Sisi Wagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba na mwanawe aliyekwisha kutahiriwa hawalali chumba kimoja. Hawaogi pamoja, hawaonani wakivaa wala kuvua, na baba haingii kabisa katika nyumba ya mwanawe. Baba si yule aliyekuzaa peke yake. Ndugu za baba yako wote ni baba zako kwa sheria hiyo hiyo. Kwa hiyo Zachariah Nyangau, mdogo wake baba yangu, mkwe wako wewe, kwangu ni baba kamili. Mtu akivunja heshima hiyo, wazee husema ugonjwa huingia katika ukoo, na kosa halifutwi kwa kusema samahani. Hata sisi tuliokulia kanisani, tusioamini nusu ya maneno ya wazee, hili tunalo mwilini. Ni kama kutomtemea mtu mate. Hakuna aliyenifundisha, nalijua tu.

Jioni ile, kabla ya giza, nilikunja blanketi langu kimya kimya nikashuka kwenda stoo ya mipira. Nilipofungua mlango nilimkuta baba mdogo ameketi juu ya mpira uliokunjwa, blanketi lake mapajani. Alikuwa amenitangulia kukimbia. Nilifunga mlango taratibu nikaenda kulala kwenye kiti cha mbele cha gari, magoti yakiwa kifuani.

Tuliishi hivyo kwa wiki nyingi. Yeye alikuwa akikohoa akikaribia ngazi ili nijue niondoke. Mimi nilioga alfajiri, yeye jioni. Akikaa kula, mimi nilikwenda kupaka gari mafuta. Kama lilikuwepo neno la lazima tulilipitisha kwa rafiki yangu Machogu, kijana wa Nyanchwa wa kikosi changu, ambaye si wa ukoo wetu na hana la kuogopa. Mwili wangu ulianza kuchoka. Nikisikia mbao za ngazi zinalia nainuka. Nilikuwa mtu wa kuzunguka tu, siketi, silali, sijui niende wapi katika nyumba ambayo ni yangu.

Mkuu wetu wa kituo ni Bwana Mwakio, Mtaita, mtu mwema lakini mkavu. Alinikuta asubuhi moja nikitoka ndani ya gari na alama ya usukani shavuni. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Moto haujui baba wala mwana," alisema. "Nina vitanda, nina kengele, na ninataka kila mtu kitandani kwake. Rudini juu."

Nikamwuliza, "Bwana, kwenu Taita mtu hulala chumba kimoja na mama mkwe wake?"

Akafikiri kidogo. "Hapana," akasema. "Lakini mama mkwe wangu si mzimamoto."

Tukarudi juu. Machogu alinitundikia blanketi kwenye kamba mbele ya kitanda changu, na watu wa Nyamira wakamfanyia baba yako vivyo hivyo. Blanketi linazuia macho, lakini halizuii masikio. Nilimsikia akigeuka, nikajua naye ananisikia, na kukicha kila mmoja anangoja mwenzake ashuke kwanza.

Mwezi wa Agosti, mchana wa jua kali, kengele ilipigwa ya vikosi vyote viwili. Jiko la kuezekwa nyasi lilikuwa linawaka kule mlimani Nyanchwa, karibu na nyumba za watu. Nilikuwa juu. Nilipofika kwenye ngazi nilimwona baba mdogo chini anavaa. Miguu ikakataa. Nilisimama pale nimegeukia ukuta nikimngoja amalize, na nilipofika chini gari letu lilikuwa limekwisha kutoka bila mimi. Hakuna aliyeumia kule, liliungua lile jiko tu. Lakini Bwana Mwakio aliporudi, uso wake ukiwa mweusi kwa moshi, alituita mimi na baba yako, akatusimamisha mmoja huku na mmoja kule.

"Sikasiriki na mila zenu," alisema. "Lakini siku nyingine itakuwa mtoto ndani ya nyumba. Mwisho wa mwezi ujao mmoja wenu awe ameondoka. Chagueni wenyewe."

Baba mdogo akamtuma Machogu kwangu: mwambie Jethro abaki, mimi nimeifanya kazi hii ya kutosha. Nami nikamrudisha Machogu: mwambie baba mdogo mimi ndiye nitakayeondoka, mimi bado kijana, nitapata kazi nyingine. Akaja tena na jibu, akaenda tena na langu, mpaka akaketi chini kwenye ngazi akasema yeye ni mzimamoto, si mtu wa posta. Ukweli ni kwamba sikutaka kuondoka, na nilijua baba yako hataki pia. Wewe unajua jinsi alivyojifunza kazi hii kule Kisumu, na jinsi alivyowachagua watu wa kikosi cha Nyamira mmoja mmoja. Wiki zikapita. Hakuna aliyefunga sanduku.

Nimesimama kidogo, kengele ililia. Ilikuwa ya Nyamira. Wamekwenda, nami nimebaki nimeshika kalamu. Basi niendelee.

Moto wa Nyakoe ulitokea Septemba, siku ya soko, mchana. Mfanyabiashara mmoja alikuwa akikausha pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, katika ghala nyuma ya duka lake, kwa makaa, na humo humo ameweka mapipa ya mafuta ya taa. Tulipofika moshi ulikuwa mzito na wa kuwasha, ule wa pareto, ambao ulikuwa umeua nzi wote wa soko. Walikuwa wametapakaa barabarani kama mbegu. Vikosi vyote viwili tulikuwepo. Siku ile hapakuwa na wa mjini wala wa Nyamira, kila mtu alishika mpira uliokuwa karibu, na mimi nilijikuta kwenye mpira mmoja na baba yako. Yeye mbele, mimi nyuma yake. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama karibu hivyo tangu nitahiriwe.

Tulikuwa tumekwisha kuushinda. Bati moja la paa likaanguka juu ya pipa, pipa likapasuka, na mafuta yanayowaka yakamrukia baba mdogo kuanzia kiunoni kwenda chini. Alianguka chali. Nilitupa mpira nikamrukia na gunia lililolowa, lakini mafuta yalikuwa yameingia ndani ya nguo na nguo ndizo zilizokuwa zikiwaka. Ilikuwa lazima zitoke. Nikashika mkanda wake.

Ombati, alinishika mikono. Anaungua, na bado alinishika mikono kwa nguvu zake zote.

"Jethro, usinivue. Mwite Machogu," akasema.

Machogu alikuwa upande wa pili wa ghala. Nilimsikia baba yako vizuri, sitasema kwamba sikusikia. Nikaing'oa mikono yake, nikapasua suruali kwa kisu cha kiunoni, nikamvua buti, nikamvua yote, mpaka hapakubaki kitu cha kuungua. Kisha nikamfunika kwa koti langu na kumbeba mgongoni kupita katikati ya soko hadi kwenye gari. Wanawake waliokuwa karibu walituona tukija wakageuka, wakatugeuzia migongo ili wasimwone. Nitawaheshimu wanawake wa Nyakoe maisha yangu yote. Lakini si wote waliowahi kugeuka, na koti langu ni fupi.

Daktari anasema miguu itapona, ingawa ngozi ya mapaja itachukua muda mrefu, na ngazi ndefu huenda asizipande tena. Anasema pia kwamba kama nguo zingeendelea kukaa mwilini hata kidogo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Hilo wamemwambia baba yako.

Mimi nilikwenda hospitali kesho yake. Aliponiona mlangoni aligeuza uso ukutani. Nikaacha uji, akarudisha uji. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Watu wa kikosi chake wakashika zamu ya kumwogesha na kumgeuza, hata wale wa kikosi changu wasio wa ukoo wetu, na mimi nikawa wa kuzunguka nje ya wodi kama mbwa aliyefukuzwa. Niliwaza kwamba nimemwokoa nikampoteza. Mama yako, mama mdogo Jemimah, alinikuta pale kwenye nyasi.

"Hana hasira nawe," aliniambia. "Hajui tu aweke wapi macho yake. Mpe nafasi."

Nyumbani nako hapakutulia. Baba yangu anataka wazee wakae, mbuzi achinjwe, mimi na baba mdogo tule pamoja na jambo liishe kimila. Mama mdogo anasema maombi ya kanisa yanatosha, damu ya mbuzi haimsafishi mtu. Wamebishana sana. Mwishowe walimwuliza mgonjwa mwenyewe, naye akasema hataki mbuzi wala mchungaji mpaka mzaliwa wake wa kwanza awe amefika. Basi wote wakanyamaza, maana kila mtu anajua kwa nini hujafika miaka yote hii.

Kabla sijafika hapo, nikueleze lililotokea kituoni, maana linashangaza. Bwana Mwakio alikwenda kumwona baba yako, akakaa na mama mdogo kwenye benchi muda mrefu. Aliporudi alitukusanya watu wa vikosi vyote viwili jikoni. Akasema kila mtu aseme wazi ni nani katika nyumba hii asiyeweza kulala karibu naye kwa heshima. Kisha Nyangate, yule dereva wao mnene, akainua mkono akasema kijana anayelala kitanda cha pili yake amemwoa binti wa kaka yake. Mwingine akasema aliyelala mkabala naye ni rika la baba yake, mtoto wa babu mmoja. Hata Machogu, aliyekuwa akinicheka na blanketi langu, akakiri kwamba mpishi wao ni mjomba wa mchumba wake na yeye hajala akashiba tangu Mei. Kumbe nusu ya nyumba ilikuwa inateseka kimya kama mimi. Bwana Mwakio aliketi juu ya gunia la unga akashika kichwa.

Siku hiyo hiyo vitanda vilihamishwa. Hatupangwi tena kwa vikosi. Waliohesabiwa kuwa baba wamehamia chini, kwenye stoo iliyotolewa mipira na kupakwa chokaa. Sisi tunaohesabiwa kuwa wana tuko juu, wa mjini na wa Nyamira tumechanganyika. Buti za wazee ziko mlango wa nyuma, zetu ziko kwenye ngazi. Kengele ikilia hatukutani mpaka kila mtu awe amevaa. Tena tunatoka haraka kuliko mwanzo. Hata masufuria yamechanganyika, sijui lini. Jana Wakatoliki wawili walikula ugali wetu baridi bila kulalamika. Habari za mmoja wetu kuondoka mwisho wa mwezi hazikutajwa tena.

Ila mimi silali bado. Kitanda ninacho, blanketi limeondolewa, hakuna wa kumkimbia, na bado naamka na kutembea hadi dirishani. Naikumbuka ile mikono yake ikinishika.

Sasa nifike jambo la jana. Baada ya ibada ya Sabato nilikwenda hospitali nikijua nitasimama nje kama kawaida. Muuguzi akaniita ndani. Nilikuta wameweka lile pazia la magurudumu kando ya kitanda, na kiti upande wangu. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyeliomba. Nikaketi. Nilikuwa naona vidole vyake tu vikishika ukingo wa shuka.

"Jethro," akasema, "siku ile ulinisikia nikikwambia umwite Machogu?"

"Nilisikia, baba."

"Na hukumwita."

"Sikumwita."

Vidole vyake vikaukunja ukingo wa shuka. Kisha akasema, "Ungemwita, ningekuwa kaburini na heshima yangu yote. Mama yako mdogo angenililia vizuri sana."

Sikujua kama nicheke. Sikucheka. Nilikuwa nimeshika kofia yangu na naona maji yanadondoka juu yake.

"Mwandikie Ombati," akaendelea. "Mwambie aje. Na mwambie asije peke yake."

Shemeji, nilikuwepo miaka minne iliyopita siku aliposema hana haja ya mkwe ambaye hawawezi kusemezana hata salamu. Nilimsikia mume wako akijibu kwamba basi hatakanyaga boma lile bila wewe. Kwa hiyo jana nilimwuliza baba mdogo kama nimesikia vizuri, kwamba aje na mkewe.

"Nyakoe nzima imeniona nilivyozaliwa," akasema. "Nibaki na kiburi gani cha kumkataa mtoto wa watu? Aje. Kiswahili changu kibovu, lakini atakuwa ananisahihisha."

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza wala kupunguza. Ndiyo maana nimeandika kwa lugha ya shemeji. Njooni. Ukipata likizo ya reli ya Desemba usiipeleke kwingine, na kama unaweza kuipata mapema zaidi, ipate. Wazee na kanisa wataendelea kubishana mpaka muwepo, na mimi sina usingizi wa kuwangoja sana. Mama mdogo amekwisha kumwomba mama yangu chumba mtakacholala, ili baba yako asiwe chini ya paa moja nanyi.

Dada yetu Bitutu anakusalimu sana, na anauliza shemeji anavaa viatu namba ngapi, maana huku ni matope. Baba yangu Obadiah na mama Kemuma wanawasalimu. Machogu, asiyewajua, anawasalimu pia, na anasema ujumbe unaofuata kati yangu na baba mdogo niupeleke mwenyewe. Kwa upande wangu nisalimieni wote wa Tanga wanaowatendea mema.

Mungu awalinde njiani, ayafungue macho ya dereva na milango ya mipaka, awafikishe wote wawili na miguu yenu mizima.

Ni mimi nduguyo akupendaye na akungojaye,

Jethro Mogaka